Kumsomea Zuhura Mlangoni mwa Bahari

Tangu nirudi Voi, kila anayeleta jiko lake nilitie bati jipya ananiuliza, "Twaha, ni kweli ulipanda boti?" Naanza kueleza, mara mteja mwingine aja, maneno yakatika katikati. Kwa hivyo nimeandika kwenye daftari, mpokezane, mwenye macho amsomee asiye na macho. Shule niliiacha darasa la nne, basi msinicheke.

Kwa msiojua, mimi ni mzaliwa wa Kuze, Mombasa. Nilikuja huku bara miaka ishirini na mbili iliyopita kwa sababu moja tu, kwamba hapa hata ukisimama juu ya paa bahari huioni. Nilikuwa katika mashua iliyopinduka mlangoni mwa bahari, watu wakienda arusi Gazi. Mimi nilitoka. Dada yangu Zuhura, msichana wa miaka kumi na minane, hakutoka, wala maiti yake haikuonekana. Watu husema ilikuwa ajali. Mimi nasema majina. Mwenye mashua alikuwa Badi Kirobo, aliyepakia watu thelathini na kitu katika chombo cha watu kumi na watano, na ubao uliooza akauziba kwa kitambaa na lami. Nahodha alikuwa Shee Mgunda. Wazee waliokuwa chomboni walimwambia maji yanatoka na upepo unaingia, hapo mlangoni patakuwa pabaya, tungoje maji yageuke. Shee akasema yeye hafunzwi bahari na watu wa barazani. Alikufa siku hiyo hiyo. Lakini yeye alipatikana, akaoshwa, akazikwa, ana kaburi na jiwe lake.

Sasa mwezi wa kumi na moja ikaja barua ya mamangu, Bi Rukia, imeandikwa kwa mkono wa Maimuna, binti wa marehemu kakangu. Ilikuwa fupi. "Twaha, nimezeeka. Kila Idi watu wanakwenda makaburini kuwasomea watu wao. Namsomea babako, namsomea kakako, halafu Zuhura sijui nielekeze uso wapi. Wewe wapajua mahali. Maimuna amepata boti ya siku nzima huko anakofanya kazi. Njoo unipeleke, kabla sijapelekwa mimi."

Mahali nilikuwa napajua kweli. Marehemu babangu alikuwa baharia wa matishari ya kupakulia meli, na alitufunza tungali wadogo: ukitaka kukumbuka mahali baharini usitazame maji, maji hayakai. Tazama nchi kavu. Tafuta vitu viwili vilivyopangana, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, huo ni mstari. Kisha geuza uso upande mwingine, tafuta viwili vingine, huo mstari wa pili. Pale mistari miwili inapokatana ndipo ulipo, na utaparudia hata baada ya miaka. Siku ile mashua ilipopinduka nanga ilianguka ikajishika chini, basi mashua ikabaki pale pale, tumbo juu. Mimi nilining'inia ubavuni mwake tangu asubuhi mpaka karibu adhuhuri, na Zuhura alikuwa ameniponyoka pale pale, hatua tatu kutoka mkono wangu. Sikuwa na kazi nyingine ila kutazama alama. Pembe ya Ngome imekaa sawa na kilima cha mbali cha bara. Mnara mweupe wa msikiti umekaa sawa na paa jekundu la nyumba moja ya Kizingo. Nilizishika kama nilivyoishika Alhamdu.

Voi hadi Mwembe Tayari

Basi lilikufa Maji ya Chumvi. Dereva alishuka, akafungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayetazama kisima, akaifunga tena. Tukakaa chini ya kivuli cha basi lenyewe saa tatu nzima. Jirani yangu alikuwa Mkamba mmoja mwenye magunia ya pojo, mtu mkunjufu, akanigawia mahindi ya kuchemsha yaliyopoa.

"Na wewe Mombasa wafuata nini?" akaniuliza.

"Namwendea dada yangu."

"Anakaa sehemu gani?"

Nikamwambia, "Mlangoni mwa bahari."

"Ah, huko kuna upepo mzuri," akasema. "Sisi tunaokaa Chaani joto latuua."

Nikamshukuru kwa mahindi. 

Tulipofika Changamwe niliisikia harufu ya bahari kabla ya kuiona, na kutoka hapo nilifumba macho mpaka Makupa ikapita. Nikayafumbua Mwembe Tayari, kelele za wachuuzi zimenizingira, huyu ananiuzia soksi, huyu ananiita mzee. Nikashangaa, nani huyo mzee. Nilikuwa nimeondoka hapo nikiitwa kijana.

Kuze

Nilikwenda kwa miguu. Miguu ilikumbuka yenyewe, hapa kushoto, hapa upite ubavuni mwa msikiti, hapa uinamishe kichwa kwa sababu ya baraza la juu. Niliwakuta wale wale wa barazani, au watoto wao, siwezi kujua, nyuso ni zile zile. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake. Ubani ukitoka dirishani. Kila nyumba ilinipiga na jambo lake: hapa ndipo tulipokuwa tukiiba zambarau, hapa ndipo alipokuwa akikaa mwalimu wa chuo cha Kurani na bakora yake. Na dirisha letu la ghorofani lilikuwa wazi, lile dirisha Zuhura alilokuwa akiteremshia kikapu kwa kamba kununua vitumbua. Akiona muuzaji amempunguzia, hakipandishi kikapu. Anakiacha kinaning'inia usawa wa uso wa muuzaji mpaka aone haya aongeze.

Mamangu nilimkuta amekaa kitandani, mdogo, mwepesi, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nikambusu mkono.

"Umekonda," akasema.

"Wewe je?"

"Mimi nina haki. Wewe huko bara wala nini, majani?"

Maimuna akacheka. Huyu nilimwacha mtoto wa kubebwa, sasa ni mwanamke mzima anafanya kazi ofisi ya watalii, ana kamera shingoni na mdomo mkali wa bibi yake. Akaniandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mimi nikala kama sijapata kula tangu nitoke. Hapa kwetu Voi mwanipikia vizuri, sikatai, lakini nazi ya kukunwa hapo hapo ni kitu kingine.

Asubuhi mama alikuwa tayari kabla yangu. Alikuwa na kikapu cha asumini na mrehani, na mrashi wa marashi, na msahafu wake mdogo uliofungwa kwa kitambaa. Buibui lake lilikuwa jipya. Nikamtazama nikajua amelinunua kwa siku hii.

"Wapajua kweli mahali?" akaniuliza, tukiteremka ngazi.

"Napajua, mama."

"Maana mimi nitasoma mara moja. Sitaki kusoma pasipo mtu."

Ngazi za Bandari ya Kale hadi Makupa

Boti ilikuwa nyeupe, ina paa la turubai, na katikati ya sakafu ina kioo kikubwa ili wazungu waone samaki. Nahodha wake alikuwa Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa makamo mwenye msalaba mdogo shingoni na shati la maua. Alipomwona mama akatabasamu kama alivyozoea.

"Jambo, jambo. Karibuni sana."

Mama akasimama kwenye ngazi. "Jambo? Mimi ni mzungu?"

Kazungu akaona haya, akavua kofia. "Sabalkheri, mama. Nisamehe, mdomo umezoea."

"Sabalkheri, mwanangu. Sasa nishike mkono, nisianguke mbele ya watu."

Akatuvalisha jaketi za kuelea, za rangi ya chungwa. Maimuna alicheka hadi machozi kumwona bibi yake amevaa jaketi juu ya buibui, akampiga picha. Mimi sikucheka. Nilizihesabu zile jaketi zilizobaki zimetundikwa, nikawaza kwamba Badi Kirobo angalau angenunua sita.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuchukua mkeka na kukifunika kile kioo.

"Mzee," Kazungu akasema kwa upole, "hicho ndicho wanachokuja kukiona."

"Wengine," nikasema.

Tulikuwa twende nje mlangoni moja kwa moja, lakini Kazungu alisema maji bado yanatoka na matlai, upepo wa kutoka baharini, imeanza kuvuma kidogo, ngoja yageuke, saa nne unusu hivi. Nilimtazama yule mtu, nikataka kumkumbatia. Kwa maneno hayo hayo, aliyoyakataa Shee Mgunda, watu kumi na wanane wangekuwa hai. Basi tukakubaliana tupande kwanza mtoni kwa Tudor tupitishe wakati, na Maimuna akasema vizuri, ofisini kwao wanauza safari ya kuzunguka kisiwa chote, na sisi tutazunguka.

Kazungu alikuwa na maneno yake aliyoyahifadhi, na nadhani hakuweza kuyazuia. "Upande wa nyuma mnaona Ngome, ilijengwa na Wareno..."

"Mwanangu," mama akamkatiza, "babangu alifungwa humo siku tatu kwa kosa la kupigana. Naijua mpaka kunguni wake."

Kuanzia hapo Kazungu akawa anauliza yeye, na mama anaeleza. Hii nyumba ya nani? Ile ngazi ya nini? Niliiona Mombasa yangu kwa nyuma, upande ambao nyumba hazikujipamba: kuta zenye ukungu, nguo zimeanikwa, mifereji ya choo, paka. Zikapita zile ngazi tulizokuwa tukirukia majini, wakati zilipokuja jahazi za Arabuni na papa mkavu na mazulia, na sisi watoto tunaogelea kuomba tende. Tende moja watoto sita. Mama akasema, "Hivi ndivyo walivyokuwa wakituona? Mimi nimekaa dirishani pale miaka sitini, sikujua dirisha letu ni dogo hivi."

Tukapita chini ya daraja la Nyali, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu. Mama akaona mimi macho yangu yote yako juu, sitazami maji hata mara moja. Akainuka, akashika pembe ya mkeka, akaukunja.

"Bi Rukia," nikasema.

"Nina mato yangu, niache nitazame." Akainama juu ya kioo. Palikuwa na matope tu na nyasi za bahari, na kasamaki kamoja kenye mistari kalikimbia. "Hamna kitu cha kutisha humu, Twaha. Ni chini tu, kama chini kwingine."

Tulifika mwisho wa maji, na mbele yetu pakawa na ukuta wa mawe na barabara juu yake, malori yakipita.

"Ndiyo nini hii?" Maimuna akauliza.

"Ndiyo Makupa," Kazungu akasema. "Hapa hapapiti boti."

"Lakini tunauza kuzunguka kisiwa."

"Mnauza nyinyi. Mimi nikifika hapa nawaambia tazameni ndege, wanatazama ndege, nageuza. Wakirudi upande wa pili wanafikiri wamezunguka."

Mama alicheka mpaka jaketi ikampanda kidevuni. Maimuna akasema atakwenda kumwambia tajiri wake abadilishe karatasi zake. Kazungu akamwomba, dada, ngoja kwanza mshahara wa Desemba upite.

Mlangoni

Maji yaligeuka kama alivyosema. Tukateremka, tukapita mji wote tena, tukapita Ngome, na pale bahari inapofunguka boti ikaanza kuinuka na kushuka. Sitasema mengi kuhusu hali yangu. Nilishika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, na Maimuna ambaye hamwachi mtu bila kumtania, aliniacha.

Nikamwelekeza Kazungu. Kwanza mstari wa Ngome. Nikageuka nyuma, nikatafuta pembe ya ukuta, nikatafuta kilima cha mbali, nikamwambia aende polepole mpaka kilima kikaja kikakaa juu ya pembe. "Hapo. Shika hapo."  Alama ilikuwa vile vile, kama iliyonisubiri.

Kisha nikageuza uso kwa Kizingo kutafuta mstari wa pili, mnara juu ya paa jekundu. Paa sikuliona. Nikasema labda tumepita, nenda mbele. Tukaenda mbele. Rudi nyuma. Tukarudi. Palikuwa na jumba la ghorofa nne, limepakwa rangi ya waridi, limekaa pale hasa paa lilipokuwa, na nyuma yake hakuna mnara. Mnara upo, haujaanguka, lakini kutoka baharini hauonekani tena.

"Lile jumba ni la nani?" nikauliza.

Maimuna akashusha kamera yake. "Ami, si lazima."

"La nani?"

"La Badi Kirobo. Amelijenga mwaka juzi. La kupangisha."

Nawaambia ukweli, nilikaa chini. Huyu mtu aliniulia dada, hakulala jela hata siku moja, alisimama mbele ya wazee akasema wimbi halina mwenyewe. Mashua alinunua nyingine, na ya pili, na ya tatu. Na sasa ameniwekea jumba lake juu ya alama yangu. Nilianza kumtukana, kwa jina lake na jina la babake, na nilisema mambo ambayo kwenye daftari hili siyaandiki.

"Twaha," mama akasema. "Leo usimtaje. Leo si siku yake."

"Amepafunika, mama. Sina tena mahali. Mstari mmoja hautoshi."

 Mama alikuwa ameshika kikapu chake cha maua mapajani kwa mikono yote miwili, na asumini zilikuwa zimeanza kulegea kwa jua. Kazungu akasema tusikae hapo, meli inaingia, twende Feri tupumzike, tule, tufikiri.

Feri

Tulitia nanga upande wa Likoni, mbali kidogo na gati, kwenye mchanga. Foleni ya watu ilikuwa ndefu mpaka juu barabarani. Maimuna akateremka akaleta viazi vya karai na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na sisi tulikuwa na chupa ya chai na mahamri ya nyumbani. Mimi chakula hakikunishuka. Kazungu alikula sehemu yangu, akaomba radhi kwanza.

Kabla hatujamaliza, akaja mtu na godoro kichwani, akaingia majini mpaka magotini. "Mwavusha? Nauli ngapi?"

"Hatuvushi, ndugu," Kazungu akasema.

"Mna nafasi tele. Nibebeni mimi na godoro."

Mwenziwe akamfuata, na mama mmoja na mtoto na kuku wawili, na wengine wakaanza kuteremka kutoka foleni, wakidhani ni chombo cha abiria. Mtu mmoja akashika ukingo wa boti, boti ikainama upande huo. Nikasimama.

"Hapandi mtu," nikasema. "Shuka. Toa mkono."

"Mzee, kuna nini? Dakika tano tu."

"Nimesema toa mkono. Hata mmoja hapandi."

Sauti iliyotoka nadhani haikuwa ya kawaida, kwa sababu yule mtu aliutoa mkono wake, na wote wakarudi nyuma wakinitazama. Yule wa godoro akasema, "Basi, mzee, hatukujua ni yako." Akarudi kwenye foleni, na godoro limelowa pembe moja.

 Mama akaniita, "Ndoo hapa, kaa." Nikakaa karibu naye. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia miaka yote hiyo, kwamba siku ile aliyemwambia Zuhura akae mwisho kabisa wa chombo nilikuwa mimi, kwa sababu mbele kulikuwa na wanaume. Na kwamba ni mimi niliyekuja jikoni nikamwambia mama mwache aende, nitakuwa naye.

"Ulikuja jikoni," mama akasema. "Nakumbuka. Na mimi ndiye niliyesema aende. Kwa hivyo tutagawana hayo, wewe na mimi, tukifika nyumbani. Sasa niambie. Mistari ilikuwa miwili?"

"Miwili."

"Mmoja Kirobo amejenga juu yake."

"Ndiyo."

"Na huu wa Ngome upo?"

"Upo, lakini mama, mstari ni mrefu. Unatoka huko ndani mpaka nje kwenye mwamba. Sijui ni wapi juu yake."

"Lakini yuko juu yake?"

"Yuko juu yake."

Akaitazama bahari kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. "Basi si tuupite wote. Toka mwanzo mpaka mwisho. Hatutamkosa."

Kazungu aliacha kutafuna. Akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye. Miaka ishirini na mbili naiweka hesabu ile kichwani, na mimi mwana wa baharia, na hilo halikunijia.

"Maji yatasimama saa kumi unusu," Kazungu akasema. "Kukiwa shwari naweza kwenda polepole kama mtu anayetembea."

Mstari

Tulianzia karibu na Ngome, tukaelekea nje. Mama akakaa mbele kabisa, uso baharini, Maimuna pembeni yake na kikapu. Mimi nikasimama nyuma, mgongo kwa bahari, uso kwa mji, kwa sababu alama zilikuwa huko. Kazungu alikuwa na usukani akitazama mbele, na kazi yangu ilikuwa kumwambia tunapotoka kwenye mstari.

Mwanzo ilituharibikia. Mimi nikasema "kulia," naye akaenda kulia kwake, ambako kwangu mimi niliyegeuka ni kushoto, na kilima kikaruka kutoka kwenye pembe. Nikasema "kulia, kulia," akazidi kupotea. Mama akafunga msahafu. "Nyinyi mwagombana kama madereva." Kisha tukakubaliana: tusitumie kulia wala kushoto. Mimi niseme Nyali au Kizingo, pwani mbili za pembeni.

Tukarudi, tukaanza tena.

"Kizingo kidogo. Hapo. Nyali, Nyali. Hapo, shika."

Mama akaanza Yasin. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka, na kwa sababu mashine ilikuwa inanong'ona tu niliisikia yote. Maimuna alikuwa akidondosha maua, moja moja, si kwa konzi, ili yafike mpaka mwisho. Niliyaona yakipita ubavuni mwa boti na kuja nyuma yetu, mbele ya macho yangu, asumini, jani la mrehani, asumini, yamejipanga kwenda Ngome. Ndivyo nilivyojua kwamba hatujapinda.

Nilitaka kugeuka. Kila tulivyosogea nilijua tunakaribia, au tumefika, au tuko juu yake sasa hivi, na mimi nimempa mgongo. Lakini nikigeuka nitapoteza kilima, na tukipoteza kilima tunaweza kupita hatua kumi pembeni yake. Basi nikatazama pembe ya ukuta na kilima cha mbali, mpaka macho yakawa yanatoka maji, nikayafuta kwa bega bila kuyaondoa pale. "Nyali kidogo. Hapo." Mahali pa Zuhura tulipapita, nawaapia tulipapita, na mimi sijui ilikuwa aya ya ngapi.

Nikaanza kusikia mwamba. Ule mngurumo wa mawimbi yakianguka juu ya mawe, mimi nauota hadi leo. Kazungu akasema, "Mzee, mstari umekwisha. Mbele hapa hapapitiki." Akazima mashine ili mama amalize. Mama alifika mwisho wa sura, akanyunyiza marashi kulia na kushoto mpaka mrashi ukakauka, na akainua mikono kuomba dua. Maimuna akainua yake. Mimi nikageuka sasa, nikainua yangu. Hata Kazungu alivua kofia, akainamisha kichwa kwa namna yake.

Mama alimwombea Zuhura kwanza, kwa jina lake na jina la babake na jina langu mimi nduguye. Tukaitikia amin. Kisha akaanza kuwaombea wengine waliokuwa chomboni, mmoja mmoja. Sikujua kwamba alikuwa amewahifadhi wote. Bi Mgeni na mtoto wake. Mafundi wawili wa ngoma. Yule bwana wa Mkunguni aliyekuwa na kanzu mpya. Kila jina tunaitikia, amin, amin, na boti inasukumwa polepole na maji.

Kisha akasema, "Na Shee Mgunda, ewe Mola, umghufirie, naye alifia hapa."

Maimuna akasema amin. Mimi nikanyamaza.

Mama hakuendelea. Mikono yake ikabaki juu. Hakunitazama, hakuniita, alingoja tu, kama anavyongoja mtu aliyemwuliza swali mtoto wake na anajua jibu lipo.

"Mama, tunasogea," Kazungu akasema.

Mama hakushusha mikono.

"Mama, mwamba uko karibu. Niwashe mashine?"

"Bado," mama akasema. "Dua haijaisha."

Niliyaona maji meupe, labda mbali na sisi kama kutoka hapa kwangu hadi kwenye bomba la mtaa. Niliwaza kaburi la Shee na jiwe lake. Niliwaza jinsi alivyowajibu wale wazee. Kazungu alikuwa ameshika kamba ya mashine kwa mikono miwili, na anamwangalia bibi mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye hangetoka pale.

"Amin," nikasema.

Mama akashusha mikono, akajipangusa uso. "Haya, mwanangu," akamwambia Kazungu, "twende zetu."